Shikamoo Kumi na Nne

Tromso, Norwe
5 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. U hali gani? Shangazi Mwanne hajambo? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wamekuachia kidogo mwaka huu? Mimi huku mwili ni mzima, ila baridi imeshaanza kazi yake na jua linachungulia saa chache tu kisha linaondoka.

Hii ni barua ya kumi tangu mama afariki. Tisa zote umezijibu, na sijawahi kulalamika kwamba hakuna hata moja uliyoitikia shikamoo yangu. Nakijua kiapo chako. Siku ya arobaini ya mama ulishika Msahafu mbele ya watu, ukaapa hutasema nami wala hutaisikia sauti yangu mpaka nisimame kwenye kaburi lake. Nami mpaka leo sijaweza kuja, kwa sababu nikitoka nchi hii kabla ombi langu la kibali cha ukaazi halijajibiwa, sirudi tena.

Lakini jana Shangazi aliniambia kuhusu koo lako. Amesema ni saratani, na kwamba tarehe 20 Januari madaktari wa Kibaha watakitoa kisanduku chote cha sauti, utabaki unapumua kwa tundu la shingoni. Baba, wewe ni muadhini. Nimelala na kuamka kwa sauti yako miaka ishirini. Naomba kabla hawajaitoa nisikie neno moja tu, uniitikie "marahaba". Sikuombi uniambie umenisamehe.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Jioni nawapeleka wageni nje ya mji, mbali na taa, kuangalia mianga ya kaskazini. Nawasha moto, napika supu ya samaki, nawagawia mkate na chai, tunasubiri. Mianga ikija, mbingu inakuwa kijani na inatembea. Isipokuja, kazi yangu ni kuwaambia watu wavumilie. Siku ya kwanza kazini nilipanga mafiga matatu juu ya theluji kama mama alivyonifundisha. Theluji ikayeyuka chini yake, mafiga yakadidimia, na sufuria ikaenda nayo mbele ya wageni wote. Sasa natandika magogo kwanza.

Barua hii naituma kwa barua pepe, Hussen wa steshenari ya Kibaha atakuchapia kama kawaida na kunitumia picha ya jibu lako. Nasubiri.

Mwanao,
Zuwena


Kisarawe
13 Novemba 2024

Zuwena,

Barua yako nimeipata leo Jumatano nilipokwenda kliniki Kibaha. Hussen ameichapa kwa maandishi makubwa, anadhani na macho yangu yanaumwa. Shangazi yako hajambo. Nguruwe wamekula matuta sita. Koo linawasha, na nikimeza uji nasikia kama nameza kokoto.

Mwanne ana mdomo. Nilimwambia asikwambie.

Unaniomba neno moja. Neno moja ndilo hilohilo nililoapa kutolisema. Ustadh Mwinyimadi aliniambia mkono hauhesabiwi, kiapo kilikuwa cha mdomo na sikio, ndiyo maana nakuandikia. Shikamoo huitikiwa kwa mdomo. Usinitegee mtego kwenye karatasi.

Huyohuyo Ustadh jana alinifuata nyumbani. Amesema mtu akiapa, kisha akaona kuna jambo lenye heri zaidi, avunje kiapo na atoe kafara: alishe maskini kumi, yakaisha. Nikamwambia kama neno la mwanamume linauzwa kwa sahani kumi za wali, basi lilikuwa na thamani gani siku lilipotamkwa? Akanywa chai yangu, akaenda zake.

Mama yako alikuita siku mbili. Alikuwa haniiti mimi niliyekaa pembeni yake, alikuwa anakuita wewe. Hilo sijaweza kulimeza, na halihusiani na koo.

Hao wageni wako wanalipa ili watazame mbingu? Huku tunaiangalia bure na hatuna hata muda.

Mimi,
mume wa marehemu mama yako


Tromso
24 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini dawa mpya zimepunguza kuwasha. Mimi sijambo, na leo nina furaha, kwa hiyo nivumilie nikiandika ovyo.

Kafara yako nimekutolea.

Jana nilikuwa na kundi la watu kumi kamili. Nilipowahesabu kwenye basi moyo ulinipiga. Tulifika uwanda wetu kando ya ziwa lililoganda, nikatandika magogo, nikawasha moto, nikapika supu kwa kununua samaki mwenyewe badala ya wale wa kampuni. Nilipompa kila mtu bakuli lake nilitia nia kimoyomoyo: hii ni ya kiapo cha baba yangu, Mwinyijuma wa Kisarawe. Kumi, baba. Mama mmoja mzee aliomba aongezwe, nikamwongeza.

Mianga ilikuja wakati wanakula. Kwanza inaonekana kama moshi mweupe wa jikoni, mgeni hawezi kuitambua mpaka umwonyeshe. Halafu ikageuka kijani, ikateremka karibu yetu, wengine wakalia. Na mimi nililia, ila kwa sababu yangu.

Sasa hakuna kinachokuzuia. Namba yangu Shangazi anayo. Nipigie Jumapili ijayo saa yoyote, sitakuwa kazini. Nitakaa na simu tangu asubuhi.

Mwanao,
Zuwena


Kisarawe
4 Desemba 2024

Zuwena,

Barua yako ilifika Jumatano iliyopita, lakini mvua ilikata barabara nikakosa kliniki. Jumapili uliyonisubiri nilikuwa sijui kama unanisubiri. Hilo nalisema ili usidhani nilikufanyia kusudi.

Hata ningejua nisingepiga. Umewalisha watu waliopanda ndege kuja kutazama mbingu, umewavalisha na makoti, halafu unaniambia ni maskini? Nilimsomea Ustadh barua yako. Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kafara wapewe maskini, watu wasio na chakula, na tena wewe huwezi kunilipia kiapo changu bila mimi kukutuma. Ulichofanya ni karamu. Ya supu.

Lakini Zuwena, Ijumaa nilipanda kuadhini alfajiri. Nilifika katikati sauti ikakatika. Nikajaribu tena, ikatoka kama bawaba ya mlango. Ikabidi Seifu, kijana wa jirani, amalizie, na mimi nikasimama pale pembeni na mikono masikioni kama mjinga. Miaka thelathini na moja. Nilishuka sikumsalimia mtu.

Niliogopa. Nakuandikia hivyo kwa sababu kumwambia mtu siwezi. Nikawaza, wataitoa hii sauti, na neno la mwisho ulilolisikia kwangu ni kile kiapo, tena ulisimuliwa tu.

Nimebadili nia. Hao maskini kumi nitawalisha mwenyewe, kwa mchele wangu na kuku wangu. Kisha nitakupigia.

Mimi,
mume wa marehemu mama yako


Tromso
10 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole kwa alfajiri ile.

Huku sasa jua halichomozi kabisa mpaka katikati ya Januari. Wiki nzima mawingu. Jana niliwakalisha wageni motoni saa nne, wakala, wakanywa chai, wakaniuliza kila baada ya dakika kumi kama itakuja. Nikawaambia itakuja. Haikuja. Nilipokuwa nawajibu niliona kwamba najijibu mwenyewe.

Nakuomba usingoje wote kumi. Nimemuuliza mwanachuoni mmoja Msomali msikitini hapa, anasema kafara unaweza kuitoa hata baada ya kuvunja kiapo. Sema nami leo, lisha kesho. Ustadh Mwinyimadi naye atakwambia hivyohivyo. Sauti inaondoka kila siku, maskini hawaondoki.

Kama hilo ni gumu, basi Hussen akurekodi ukiadhini, hata nusu, anitumie. Hutakuwa umesema nami.

Kazini tuna sanduku la mbao tunamoweka simu zote, za wageni na za kwetu, maana mwanga wa simu unaharibu macho ya gizani. Kuanzia leo yangu siiweki. Itakuwa kifuani, ndani ya koti, ili isigande. Piga wakati wowote.

Mwanao,
Zuwena


Kisarawe
18 Desemba 2024

Zuwena,

Barua nimeipata. Presha iko sawa, koo haliko sawa. Siadhini tena, kwa hiyo hakuna cha kurekodi, na hata kingekuwepo nisingekubali. Adhana siyo wimbo wa kumtumia mtu.

Sikujua kwamba Kisarawe haina maskini. Nimetembea siku tisa. Niliyemfuata wa kwanza ni mzee Madi mlinzi, analala kwenye kibanda cha mabati na hana hata godoro. Nikamwambia kesho njoo ule kwangu, ni kafara ya maskini. Akaniuliza nani maskini, akaniambia nimpelekee Mwarabu wa duka. Mjane mmoja alisema watoto wake wapo Dar, mmoja ana bodaboda, asije akasikika anakula kafara za watu. Nikisema tu waje kula bila kutaja kafara, wanakuja walioshiba. Wanane nimewapata, kwa kuwabembeleza, na kila mmoja amekula akiwa ameukazia mlango macho.

Ustadh amesema maneno yaleyale ya Msomali wako. Nimemwambia sikopi. Kuapa niliapa kwa ukamilifu na kulipa nitalipa kwa ukamilifu. Bado wawili.

Naongea kwa kunong'ona. Mwanne anadai amezidi kunielewa tangu nianze kunong'ona, kwa sababu sasa sigombi.

Mimi,
mume wa marehemu mama yako


Tromso
22 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Leo siulizi hali, kwa sababu najua. Nimekasirika na nakuomba radhi kabla sijasema.

Una maskini wanane na binti mmoja, na wewe unahesabu maskini. Ulipoapa hukumuuliza mtu, ila kuacha ndiyo mpaka watu kumi washibe. Unadhani mimi sikumlilia mama? Alifariki asubuhi, alasiri mlishamzika, hata ningekuwa Zanzibar nisingewahi. Niliketi sakafuni kwenye chumba cha kukodi, sikuwa na hata mtu wa kuniambia pole kwa Kiswahili. Nawe ukaapa. Mama ameniita mimi, na mimi nimekuita wewe miaka miwili, nani kati yetu ameitikiwa?

Nimekata tiketi, nafika tarehe 12 Januari. Kibali na kife. Nitasimama kwenye kaburi la mama kama ulivyoapa, halafu nitasimama mbele yako, na hutakuwa na kisingizio. Nakuomba uitunze hiyo sauti. Usimnong'onezee mtu yeyote. Usigombane na Shangazi. Ibakize.

Mwanao,
Zuwena


Kibaha, wodini
2 Januari 2025

Zuwena,

Nakuandikia kitandani. Juzi pumzi ilinikaba, Seifu akanileta kwa pikipiki mpaka hapa. Wamesema uvimbe umeziba njia na hawangoji tarehe 20. Wanapasua Jumanne tarehe 7.

Kwa hiyo tiketi yako imepitwa. Usije ukaharibu vyako kwa kufuata kitu ambacho hutakikuta.

Barua yako nimeisoma mara nne. Yote uliyosema ni kweli.

Maskini wa tisa nilimpata Maneromango, kipofu, alikula akanishukuru. Wa kumi yupo kitanda cha jirani. Anaitwa Yahya, kibarua wa kiwanda huko Zegereni, mashine imemkata vidole vitatu. Kwao ni mbali na hana ndugu wa kumletea chakula, anakunywa uji wa hapa tu. Nilimwambia kwamba Mwanne anapikia wawili. Akasema hapana mzee, mimi nina kazi, mimi siyo ombaomba. Nimembembeleza siku mbili. Ana kichwa kigumu, ningemzaa mimi nisingeshangaa.

Jumatatu tarehe 6 Mwanne ataleta wali na kuku. Sijui nitamwambiaje, lakini atakula. Akishakula nakupigia, saa mbili usiku ya huku. Simu iwe mkononi.

Mimi,
mume wa marehemu mama yako


Tromso
8 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Tangu jana namtafuta Shangazi, simu yake imezimwa, na Hussen anasema hajamwona mtu wenu. Jumanne imepita. Mtu yeyote atakayeisoma hii kabla ya baba, naomba aniambie kama ametoka salama.

Nataka kukueleza Jumatatu, huenda kwako ilikuwa tofauti.

Nilikuwa na wageni wanane. Saa mbili ya kwenu huku ni saa kumi na mbili jioni, giza totoro. Moto ulikuwa umeshika, supu inatokota. Mianga ilikuja mapema kuliko siku zote, kutoka mlima hadi mlima, kijani na ukingo mwekundu, tangu nianze kazi hii sijaiona vile. Wageni wote walikuwa wametazama juu. Mimi nilitazama simu. Ikawaka, ikaandika jina la Shangazi, nikajitenga nyuma ya magogo.

Nikasema shikamoo baba. Nikasikia pumzi. Nikasema shikamoo tena, nikasikia sahani inagongwa na kijiko, na mtu anakohoa mbali, na ile pumzi. Nikasema mara ya tatu, nikakuambia ni mimi, Zuwena, nakusikia, sema. Nikasubiri. Ninawasubirisha watu kila siku, baba, na sikujua kusubiri kukoje. Nikasema shikamoo ya nne nikilia, ndipo simu ikakatika. Nilipopiga mimi haikupatikana.

Nyuma yangu supu ilikuwa imeungua. Wageni walikula mkate mtupu, wakaniuliza kwa nini siangalii juu.

Naomba unijibu jambo moja. Ulikuwa wewe? Na kama ulikuwa wewe, ulinyamaza kwa sababu Yahya hakula? Ulikuwa unashika kiapo mpaka dakika ile? Nikijua ndivyo, nitajitahidi kukubali. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Tiketi bado ninayo. Sijui niitumie au nifanye nini.

Mwanao,
Zuwena


Kibaha, wodini
20 Januari 2025

Mwanangu Zuwena,

Nipo. Nina tundu shingoni na mpira wa kulishia puani, mkono bado unatetemeka, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mwanne aliangusha simu yake kwenye ndoo ya maji asubuhi ya upasuaji, kwa hofu, ndiyo maana hukumpata. Mtandao wa Hussen ulikatika siku nne, kisha nikawa siwezi kushika kalamu. Hussen ameniambia kwamba ndege iliondoka bila wewe. Ulifanya vizuri.

Nilikuwa mimi.

Sauti iliisha Jumapili. Niliamka nikamwita muuguzi, hakikutoka kitu. Jumatatu Mwanne alipoleta wali, Yahya akageukia ukutani. Nikachukua kikaratasi nikamwandikia: mimi ndiye maskini hapa, nina binti nimemnyima salamu, nisaidie ule. Alikisoma muda mrefu. Kisha akaketi, akanawa mkono wake mzima, akashika kijiko, akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kijiko ulichokisikia kilikuwa chake. Alipokuwa anakomba punje za mwisho nikashika simu.

Nikapiga nikijua sina sauti. Nilikuwa nimejinyima kwa kiapo mambo mawili, kusema na kusikia, nikaona moja lililobaki nisilikose. Nikakusikia. Sauti yako imekuwa nzito kidogo, umefanana na mama yako alipokuwa na mafua. Ulisema shikamoo mara nne na nilikuitikia mara nne. Yahya aliuona mdomo wangu, muulize siku yoyote. Salio la Mwanne ndilo lililokata simu, kisha na chaji ikaisha.

Mwezi wa kumi na moja uliponiomba neno moja, nilikuwa nalo. Nilikuwa na sauti ya kukuitikia, nikaibania. Nilikuwa natafuta maskini kumi Kisarawe nzima huku inaisha kooni. Ningepiga siku ile ungenisikia. Hakuna wa kumlaumu, si Ustadh wala madaktari. Nitaishi na hilo, na nakuomba radhi, mimi baba nakuomba wewe.

Usije kwa ajili ya kiapo, kiapo kimekwisha. Subiri kibali chako, kisha njoo ukiwa na ruhusa ya kurudi. Mama yako yupo palepale, haendi popote.

Nimemwambia Mwanne aniletee barua zako zote kutoka kwenye sanduku langu nyumbani. Nimezihesabu ni kumi na nne. Nimezipanga kitandani kuanzia ya kwanza, na kila moja nimeanza kwa kusoma salamu yake.

Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba, mwanangu.

Baba yako